Nani alimsukuma? Vitenzi na mizimu ya wapenzi walioangamia

Karibu kila nchi ina mahali ambapo watu hupita haraka giza likiingia, kwa sababu ya wapenzi waliofia hapo. Panaweza kuwa mwamba, kisima, kisiwa au maporomoko ya maji. Masimulizi yake hufuata njia moja: wawili walipendana, wazazi au wakubwa wakakataa, mmoja akafa au wote wawili wakafa, na tangu siku hiyo mahali pale hapakutulia. Usiku husikika kilio. Maji hubadilika rangi. Mgeni huambiwa asiguse hiki wala asitaje kile. Katika fasihi simulizi tunayaweka masimulizi ya namna hii katika kundi la visakale, yaani hadithi ambazo msimulizi anadai zilitukia kweli, mahali panapojulikana, na watu waliokuwa na mababu kama sisi.

Kwa kawaida tunazisoma hadithi hizi kama hadithi za mapenzi. Makala hii inapendekeza tuzisome kama hadithi za sheria. Mapenzi yako kila mahali, lakini si kila mahali pana mzimu. Mzimu hubaki pale ambapo sheria fulani ya ndoa iliua mtu, na deni hilo halikulipwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, njia ya karibu ya kuiona sheria hiyo ni kuvichunguza vitenzi vya msimulizi. Nani ni mtenda? Nani ni mtendwa? Na nani ameachwa nje ya sentensi? Tutazame mahali patatu, viwili Ulaya kwa ufupi, kisha jirani zetu wa Uganda, ambako jambo hili lina uzito zaidi.

Verona: waliojiua

Wapenzi wanaojulikana kuliko wote ni Romeo na Juliet wa Verona, Italia. Kisa chao kiliandikwa na Waitalia katika karne ya 16 kabla Shakespeare hajakitia katika tamthilia. Leo mjini Verona wageni huonyeshwa nyumba ya Juliet, balkoni yake na hata kaburi lake, na watu wa nchi nyingi humwandikia barua kama mtu anayeweza kujibu. Balkoni hiyo iliongezwa kwenye nyumba katika karne ya 20. Hapa hadithi ilitangulia, mahali pakafuata: watu walikuwa tayari na machozi, wakatafuta ukuta wa kuyamwagia.

Sasa tazama vitenzi. Katika kisa hiki Romeo anakunywa sumu, Juliet anajichoma kwa jambia. Kila mmoja ni mtenda na mtendwa wa kitendo kilekile, na Kiswahili kina kiambishi kamili cha jambo hilo, -ji-: alijiua, alijichoma. Ugomvi wa koo mbili ndio uliowafikisha hapo, lakini ugomvi haushiki jambia. Ndiyo maana Verona haiogopeshi. Hakuna anayedaiwa, na mgeni anaweza kupiga picha na kuondoka akitabasamu.

Coimbra: wauaji wenye majina

Mahali pa pili ni Coimbra, mji wa Ureno ulio kando ya mto Mondego. Mrithi wa kiti cha ufalme, Pedro, alimpenda Inês de Castro, aliyefika Ureno pamoja na mke halali wa Pedro, Constança, kama mmoja wa wanawake wa nyumba yake. Constança alipofariki, Pedro aliishi na Inês na wakazaa watoto. Mfalme Afonso IV, baba yake Pedro, na washauri wake waliogopa nguvu ya ukoo wa Castro katika mambo ya ufalme. Tarehe 7 Januari 1355 Inês aliuawa. Pedro alipotawazwa mwaka 1357 aliwasaka wauaji. Wawili, Pêro Coelho na Álvaro Gonçalves, walirudishwa kutoka Castilla wakauawa kikatili. Wa tatu, Diogo Lopes Pacheco, aliponyoka. Mfalme pia alitangaza kwamba alikuwa amemwoa Inês kwa siri, na akaamuru mwili wake uhamishiwe katika monasteri ya Alcobaça. Makaburi yao mawili yako huko hadi leo.

Mzimu wa Inês, hata hivyo, haukai Alcobaça penye kaburi. Unakaa Coimbra, katika bustani iitwayo Quinta das Lágrimas, maana yake Shamba la Machozi. Humo mna chemchemi yenye mawe mekundu, na wageni huambiwa kwamba wekundu huo ni damu ya Inês isiyofutika. Wanaojua mimea ya majini wanaeleza kwamba ni mwani mwekundu unaoota juu ya mawe. Mshairi Camões, katika utenzi wake mkuu uliochapishwa mwaka 1572, ndiye aliyeipa chemchemi asili yake ya kishairi: ilizaliwa na machozi ya wasichana wa mto Mondego waliomlilia Inês. Mahali palikuwapo, mwani ulikuwapo, kisha utenzi ukavifunga pamoja.

Katika kisa cha Coimbra mtenda anajulikana. Sentensi inaweza kusemwa yote bila kuficha: Afonso aliamuru, watu watatu walimuua, Pedro aliwalipiza. Mwandishi wa tarehe za wafalme, Fernão Lopes, alizieleza habari za utawala wa Pedro katika karne ya 15. Nyumba ya kifalme ilikuwa na waandishi, kwa hiyo hata aibu yake ilipata karatasi. Inês ni mtendwa, lakini amezungukwa na majina.

Bunyonyi: kisiwa kidogo

Sasa turudi katika Maziwa Makuu. Ziwa Bunyonyi liko kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Kabale na mpaka wa Rwanda, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wake ni Wakiga, na lugha yao ni Rukiga. Jina la ziwa lina maana ya vindege vidogo. Akanyonyi ni kindege kimoja, obunyonyi ni vingi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuusikia humo mzizi wa neno letu la zamani nyuni.

Katika ziwa hilo kuna kijisiwa cha nyasi na miti michache kiitwacho Akampene. Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Kiambishi aka- ni cha ngeli ya udogo, ileile tunayoisikia kila siku katika Kiswahili cha Lubumbashi tunaposema katoto au kanyumba. Sehemu inayobaki wenyeji huihusisha na kitenzi okuhena, kinachohusu kupata mimba kabla ya ndoa. Sauti inakubali: katika Rukiga, nazali ikikutana na h hutoa mp, kama vile kitenzi okuha, kutoa, kinavyotoa mpa, yaani nipe. Jina la mahali, basi, ni jina la kosa. Halitaji mtu yeyote aliyefia hapo. Linataja alichoshtakiwa.

Kilichotukia hapo si fumbo. Msichana ambaye hajaolewa alipoonekana ana mimba, jamaa zake walimpakia katika mtumbwi, wakampeleka kisiwani na kumwacha. Wasichana wengi hawakujua kuogelea. Usiku wa nyanda zile ni wa baridi kali. Aliyekaa huko alikufa kwa njaa na baridi, au alijitupa majini akazama. Desturi hiyo iliendelea hata baada ya wamisionari na serikali ya kikoloni kuikataza, mpaka ndani ya karne ya 20, kiasi kwamba baadhi ya walionusurika waliishi hadi uzeeni na kusimulia wenyewe.

Walinusurikaje? Hapa ndipo sheria ya mahari inapojionyesha. Msichana aliyeolewa bikira aliwaletea wazazi wake mifugo. Mali hiyo ndiyo iliyomwezesha kaka yake naye kuoa. Mimba kabla ya ndoa ilihesabiwa kama mali iliyopotea na aibu iliyoingia nyumbani. Lakini upande wa pili wa ziwa alikuwako kijana maskini asiye na ng'ombe wala mbuzi, aliyejua kwamba kisiwani kuna mwanamke ambaye hakuna atakayemdai mahari. Akichukua mtumbwi na kuwahi, alipata mke bure. Hivyo kijisiwa kilekile kilikuwa mahali pa kifo na mahali pa kuolea kwa wasio na kitu. Aliyehukumiwa kwa sababu ya mahari aliokolewa na mtu aliyekosa mahari.

Masimulizi kama haya hayako Bunyonyi peke yake. Kwenye Ziwa Kivu nako husimuliwa habari za wasichana wa Rwanda walioachwa visiwani kwa kosa hilohilo. Kwa hiyo jambo hili si la mbali nasi.

Kitenzi kisicho na mwenyewe

Leo Bunyonyi ni mahali pa watalii, na Akampene ni sehemu ya safari ya mtumbwi. Katika safari hiyohiyo mgeni huonyeshwa kisiwa kingine, Akabucuranuka, jina lenye maana ya kupinduka. Kisa chake ni kwamba watu waliokuwa wakinywa pombe walimnyima mwanamke mzee, naye akakipindua kisiwa juu yao, wakafa wote, akasalia kuku peke yake. Hiyo ni ngano nzuri ya kufundisha ukarimu. Tatizo ni kwamba hadithi mbili zinasimuliwa kwa pumzi moja. Mgeni anashuka akiwa amesikia visiwa viwili vya ajabu, kimoja chenye kuku na kingine chenye mizimu ya wasichana, na vyote viwili vimekuwa ngano kwake. Wasichana wale hawakuwa ngano.

Lugha inasaidiaje kuwageuza kuwa ngano? Tutumie Kiswahili chetu wenyewe, maana ndicho tunachokijua kwa undani. Chukua sentensi hizi nne:

Kijana alimpa msichana mimba.
Msichana alipewa mimba.
Msichana alipata mimba.
Msichana aliharibika.

Sentensi ya kwanza ina mtenda aliye wazi. Ya pili iko katika kauli ya kutendwa: mtenda ameondolewa kwenye nafasi ya kiima, lakini mlango bado uko wazi, maana unaweza kuongeza "na kijana fulani". Katika ya tatu msichana ndiye kiima, kana kwamba mimba ilikuwa kitu alichookota njiani. Katika ya nne, kiambishi -k- cha kauli ya kutendeka kinaufunga mlango kabisa. Tunasema kikombe kilivunjwa na mtoto, lakini hatusemi kikombe kilivunjika na mtoto. Kauli ya kutendeka haimkubali mtenda. Inaonyesha hali tu, kama vile jambo limejifanya lenyewe. Msichana aliyeharibika hakuharibiwa na yeyote.

Shuka hatua hizo nne, utaona kijana akififia hatua kwa hatua mpaka anatoweka. Ndivyo ilivyokuwa kisiwani. Katika mtumbwi alikuwamo msichana, walikuwamo jamaa zake, lakini aliyempa mimba hakuwamo. Sheria ilimwona mmoja tu kati ya wapenzi wawili, na sentensi inayomtaja mmoja tu ndiyo inayoifaa sheria hiyo.

Kisha mtenda wa pili naye huondoka. Sikiliza namna habari ya Akampene inavyosimuliwa kwa kawaida: wasichana walipelekwa, waliachwa, walikufa. Walipelekwa na nani? Waliachwa na nani? Coimbra tuna majina matatu ya wauaji waliokufa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Bunyonyi, ambako mambo yalitendeka enzi za babu wa babu zetu na hata karibu zaidi, tuna vitenzi vyenye -w- na kimya baada yake.

Tusiwe wepesi kumlaumu msimulizi. Kauli ya kutendwa haina dhambi. Msimulizi wa Bunyonyi anaishi kati ya wajukuu wa waliopiga makasia, na pengine yeye mwenyewe ni mmoja wao. Akimtaja mtenda, atakuwa amemtaja jirani au ukoo wake. Fernão Lopes aliandika katika ufalme uliokuwa na sababu ya kuyakumbuka majina yale. Mwanakijiji anapaswa kesho kuazima jembe. Kimya chake kina sababu, na mtafiti anayekusanya masimulizi hana budi kuiheshimu sababu hiyo. Lakini kuiheshimu si kusahau kuiandika. Kimya nacho ni sehemu ya matini.

Kisiizi: siku msichana alipokuwa mtenda

Kaskazini mwa Kabale, katika wilaya ya Rukungiri, kuna maporomoko ya Kisiizi. Huko adhabu ilikuwa ya haraka kuliko kisiwani: msichana alifikishwa juu ya genge na kusukumwa. Hakukuwa na kijana maskini wa kuja na mtumbwi. Kutoka Kisiizi hakuna aliyerudi kusimulia.

Lakini Kisiizi pana kisa kimoja ambacho Akampene haina. Inasimuliwa kwamba msichana mmoja alipopelekwa ukingoni na ndugu zake, hakungoja kusukumwa tu. Alimshika kaka yake, akamvuta, wakaanguka pamoja. Baada ya hapo, wasimulizi wanasema, watu waliacha kuwatupa binti zao.

Tunaweza kubishana iwapo kisa hiki kilitukia hivyo hasa. Kwa mwanafunzi wa lugha, umbo lake lina habari ya kutosha. Kisa kizima cha adhabu kimejengwa kwa kauli ya kutendwa: alikamatwa, alipelekwa, alisukumwa. Halafu ghafla msichana anakuwa kiima cha vitenzi vya kutenda: alishika, alivuta. Na aliyekuwa amefichwa nyuma ya -w- anatokea kama yambwa, tena kwa cheo chake cha ukoo: alimvuta kaka yake. Kwa mara ya kwanza tunaambiwa ni nani aliyekuwa akisukuma. Hakuwa adui wala mgeni. Alikuwa kaka, yule ambaye ng'ombe wa mahari ya dada yake wangemwolea mke.

Ndipo desturi inakoma. Kisakale hakisemi kwamba watu walihubiriwa wakaacha, wala kwamba walihurumia. Kinasema waliacha siku hasara ilipoingia upande wa wanaume. Hilo ni neno kali kuhusu jamii, na wamelisema wenye jamii wenyewe, bila msaada wa mtaalamu kutoka nje.

Tangu mwaka 1958 kando ya maporomoko hayo kuna hospitali ya kanisa, na nguvu ya maji yaleyale huzalisha umeme wake. Akina mama hujifungua mahali ambapo sauti ya maporomoko inasikika.

Mzimu ni nani?

Limebaki swali la mzimu wenyewe. Neno mzimu ni la Kibantu cha kale na limeenea sana katika lugha zetu. Rukiga ina omuzimu, Kinyarwanda umuzimu, na Kiswahili kina hata mahali pake, kuzimu. Kinyarwanda humweka mzimu katika ngeli ya watu: umuzimu, abazimu, kama umuntu, abantu. Kiswahili kinasema mzimu, mizimu, kwa viambishi vya mti na miti. Tukitazama umbo la nomino tu, lugha moja imemwacha mfu kati ya watu na nyingine imemhamishia kwa vitu.

Katika imani za jamii nyingi za Kibantu, mfu hutulia akiwa na watu wa kumtaja: watoto wanaorithi jina lake na wajukuu wanaomkumbuka penye shida. Msichana wa Akampene alikufa na mtoto tumboni. Waliopaswa kumtaja ndio waliomwacha. Mtoto ambaye angerithi jina alikwenda naye. Kwa mantiki hiyo, hofu ya watu wanaokipitia kisiwa jioni si ushamba. Ni hesabu sahihi ya deni. Mzimu wa mahali, tukiueleza kwa lugha ya sarufi, ni mtendwa anayemngoja mtenda wake atajwe.

Kazi yetu

Wengi wetu, tukienda kukusanya fasihi simulizi katika vijiji na mitaa yetu, tutaonyeshwa kisima, mti au daraja lenye hadithi ya wapenzi. Ni rahisi kuandika "inasemekana wawili walifia hapa" na kwenda zetu. Ushauri wa makala hii ni mdogo. Andika sentensi za msimulizi jinsi alivyozitamka, katika lugha yake, pamoja na viambishi vyake vyote. Kisha pigia mstari kila kitenzi cha kutendwa na cha kutendeka. Uliza kwa adabu ni nani alitenda. Ukijibiwa, andika jibu. Ukinyamaziwa, andika kwamba ulinyamaziwa. Uliza pia mahari ilikuwa kiasi gani enzi hizo, nani aliipokea, na huyo mpenzi wa pili alikwenda wapi, maana mara nyingi aliendelea kuishi, akaoa, akazeeka, na leo ana wajukuu wanaokiogopa kisima kilekile.

Kijisiwa cha Akampene kinazidi kupungua kwa sababu maji yanakila. Huenda siku moja kitazama, na jina litabaki bila ardhi. Likibaki, litakuwa bado linamtaja msichana kwa kosa lake peke yake. Kazi ya kuimalizia sentensi hiyo, kwa kumrudishia kitenzi mtenda wake, haimhitaji mganga wa kutoa mizimu. Inamhitaji mtu anayejua kuuliza "na nani?"